Don Eleuterio Ayala, Aliyewavusha Karpincho wa Los Sauzales

Ijumaa tarehe 28 Machi 2025, saa kumi na moja jioni, don Eleuterio Ayala wa Idara ya Bustani na Mabwawa atarudisha funguo, buti na koti la mvua, na kuhitimisha miaka ishirini na tisa na siku ishirini na nne ya utumishi katika makazi ya Los Sauzales. Ndiye wa mwisho kati yetu aliyekuwapo hapa kabla nyumba ya kwanza haijajengwa.

Uongozi umeniomba niandike wasifu wake katika jarida hili la wafanyakazi, “aya mbili, Nélida, zenye furaha.” Mimi ni Nélida Barboza, msimamizi wa lango la huduma, na namfahamu mzee huyu kwa miaka kumi na tisa. Furaha ipo na nitaiandika. Ila aya mbili hazitoshi, na mengine ya kusemwa hayana furaha hata chembe. Atakayekwazika asome ratiba ya zamu, imebandikwa hapo pembeni.

Don Eleuterio alizaliwa Corrientes, kando ya vinamasi, mtoto wa nne wa mchunga ng'ombe. Alikuja kwetu huku kwenye delta tarehe 4 Machi 1996, akiwa na sanduku moja na kofia anayoivaa mpaka leo. Wakati huo palikuwa na matete, tope na makatapila ya kampuni. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwafukuza karpincho, wale wanyama ambao vitabu vya shule huwaita kapibara: panya wakubwa kuliko panya wote duniani, wazito kama mtu mzima, wenye uso wa mtu aliyekwisha kula na hana deni na mtu. Alikabidhiwa sufuria mbili za kugonganisha.

Hakuzigonganisha. Alikaa siku tatu kwenye ukingo wa bwawa na kibuyu chake cha chai chungu, anavuta kwa mrija, anatazama. Siku ya tatu msimamizi wa ujenzi akamjia juu.

“Ayala, unalipwa kwa kukaa?”

“Najifunza nani ndiye mwenye nyumba, bwana.”

“Mwenye nyumba ni kampuni!”

“Basi nenda ukawaambie wewe,” akamjibu. “Wapo pale, wanakusikiliza.”

Wenzetu wa zamani, waliokwisha kustaafu, wanaapa kwamba karpincho ishirini na wawili walikuwa wamekaa kwenye tope wakimtazama msimamizi yule, hakuna aliyepepesa jicho. Msimamizi akaondoka. Sufuria zile mbili ndizo tunazopikia maharage jikoni kwetu hadi leo.

Kwa miaka iliyofuata, nyumba zikaota kuzunguka bwawa, na kampuni ikachapisha kijitabu cha matangazo. Nyote mnakijua. Jalada lake lina karpincho anayeota jua na maneno “Ishi na maumbile.” Watu wakalipa pesa nyingi waje kuishi na maumbile. Wakahamia, wakapanda nyasi laini ya bei mbaya, na maumbile yakaja asubuhi yakaila. Hapo ndipo simu zilipoanza. Karpincho wamekula maua. Wameacha kinyesi penye njia ya mazoezi. Mama mmoja alipiga simu langoni kwangu, nikapokea mwenyewe, akalalamika kwamba karpincho anamtazama akinywa kahawa. Nikamuuliza anamtazamaje. Akasema, “Kwa utulivu!” Nikaandika kwenye daftari: malalamiko, utulivu.

Aliyetatua yote hayo alikuwa don Eleuterio, bila semina wala mshauri kutoka Buenos Aires. Aligundua kwamba kundi huvuka barabara kuu ya ndani kila siku jua likikaribia kuzama, kutoka malishoni kurudi majini. Akaanza kuwavusha. Anasimama katikati ya barabara, anavua kofia na kuiinua, magari yanasimama. Anapiga mluzi mdogo kwa meno, anaanza kutembea bila kugeuka nyuma, na kundi zima linamfuata mstari mmoja: dume mkubwa mwenye kinundu cheusi puani, majike, vitoto vinavyolia kama ndege, na juu ya migongo yao ndege wa kweli wamesimama kama abiria. Katika miaka ishirini na minane ya kuvushwa naye hakuna mnyama hata mmoja aliyegongwa barabarani, na hakuna mtu aliyeumwa. Nimepekua madaftari yote ya lango, kwa hiyo nasema kwa uhakika.

Sisi tulimtania sana. Jikoni walimwita Askofu, kwa sababu ya maandamano yake. Mara moja nilimuuliza mbona wanyama hawa ni wapole kiasi kile, au ni wajinga tu.

“Wajinga?” akacheka. “Binti, tazama vizuri. Huyu amelala, sivyo? Sasa mtafute mwenzake aliyesimama. Yule pale. Wakati wote yupo mmoja anayetazama. Akibweka mara moja, bwawa litameza wote kabla hujasema jina lako. Wanatulia kwa sababu wanaaminiana. Vitoto vile hunyonya kwa mama yeyote aliye karibu, na mama hasemi huyu si wangu.”

“Na wewe unafanyaje hata wakuamini?”

“Sijawahi kukimbia mbele yao. Wala kuwapigia kelele. Basi.”

Niliipenda habari ile nikaenda nayo nyumbani. Sikujua kwamba kuna siku mtu mwingine angeiona kuwa fursa.

Jumapili tarehe 10 Novemba mwaka jana, mbwa wa Bibi Urdapilleta wa nyumba namba 114 aliachiwa bila kamba. Kanuni ya kumi na nne ya makazi inakataza, lakini kanuni ya kumi na nne imeandikwa kwa ajili ya watu wengine. Mbwa yule, mkubwa kama ndama, aliingia katikati ya kundi lililokuwa kwenye maji ya ukingoni pamoja na vitoto vya wiki moja. Majike wakafanya duara, vitoto ndani. Mbwa akapenya, akakamata kimoja kwa shingo. Jike mmoja mwenye sikio lililochanika akamng'ata pajani. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi niliiona kwenye kamera ya lango, mwanzo hadi mwisho.

Don Eleuterio ndiye aliyeingia majini akamtoa mbwa. Akamfunga jeraha kwa shati lake, akambeba mikononi mita mia tatu, mzee wa miaka sitini na nne, mpaka nyumba namba 114, akabisha. Bibi Urdapilleta akafungua. Alimtazama mzee aliyelowa damu, kifua wazi, na mbwa wake aliye hai mikononi mwa mzee huyo. Neno lake la kwanza lilikuwa:

“Kwa nini umepitia mlango wa mbele?”

Mbwa alishonwa nyuzi kumi na moja na akapona. Kitoto cha karpincho kilikufa. Taarifa ya tukio ilikuwa na kurasa tatu, niliisoma yote. Nyuzi kumi na moja zimetajwa mara nne. Kitoto hakimo.

Kundi la WhatsApp la wakazi likawaka moto. “Wanyama hatari.” “Leo mbwa, kesho mtoto.” Jumatano tukaitwa ofisini kwa Meneja Mkuu, Mhandisi Basualdo. Mimi niliitwa kwa sababu ya lori lililotarajiwa kuingia. Don Eleuterio aliitwa kwa sababu nyingine.

“Ayala,” mhandisi alisema kwa furaha, kama mtu aliyepata jibu la fumbo, “wewe wakikuona wanakufuata. Alhamisi ya wiki ijayo lori litakuwa kando ya bwawa. Wapigie mluzi wako, watembeze mpaka ndani, tumemaliza. Hakuna kelele, hakuna mtu wa kupiga picha.”

“Lori linawapeleka wapi, mhandisi?”

“Mbali.”

“Mbali wapi?”

“Mbali, Ayala. Kuna mtu anawachukua.”

Mzee akashika kofia yake kwa mikono miwili, akaigeuza polepole.

“Nikiwapigia mluzi, wataingia,” akasema.

“Sasa tatizo liko wapi?”

“Ndilo hilo. Wataingia. Kwa hiyo siwaiti.”

Mhandisi alimwambia kwamba amebakiza miezi minne tu astaafu, asiwe mkaidi kwa ajili ya panya. Don Eleuterio akasema samahani, mhandisi, na mchana mwema, mhandisi, akavaa kofia akatoka. Hakupaza sauti. Mimi nilikuwa nimekunja ngumi chini ya meza mpaka kucha zikaniingia kiganjani.

Sasa naandika sehemu isiyonipendeza. Alhamisi ile, saa moja na nusu asubuhi, lori lilifika langoni kwangu, na wanaume watatu, nyavu na firimbi. Niliwaomba kibali cha ofisi ya wanyamapori ya jimbo, kwa sababu karpincho hawakamatwi bila kibali. Hawakuwa nacho. Nikawaambia hawapiti. Redio ikalia kiunoni.

“Nélida, fungua.”

“Hawana kibali, mhandisi.”

“Nélida. Fungua.”

Nilifungua. Kidole kilichobonyeza ni hiki ninachoandikia.

Walipiga firimbi, wakapiga mabati, wakakimbia. Karpincho mmoja alibweka, sauti kavu kama ubao unaovunjika, na ukingo mzima ukawa mtupu. Maji yalitulia kama meza, na ukitazama sana ungeona vitundu vya pua tu, hapa na pale, kati ya majani. Wakazi walitoka kwenye vibaraza vyao na glasi mikononi kutazama. Wanaume wale walingoja kwenye mashua mpaka saa nane mchana, jua likiwaka. Kwa saa sita na nusu walipata jike mmoja tu, mchanga, aliyejificha chini ya gati akanaswa. Walimfunga miguu, wakamtupa kwenye lori la bati lisilo na kivuli.

Lori liliposimama langoni nijaze fomu ya kutoka, nilichungulia. Alikuwa anapumua kwa mdomo wazi. Mnyama huyu hawezi joto akiwa nje ya maji, hata mtoto wa darasa la pili anajua. Nikakimbia kuchukua ndoo. Niliporudi nikammwagia maji yote, yakatiririka kwenye bati hadi barabarani. Alikuwa amekwisha kufa. Dereva akaniuliza kama fomu inahitaji sahihi yake au ya mwenye mali.

Don Eleuterio alikuwa ameambiwa asije kazini siku hiyo. Ijumaa alfajiri alifika langoni.

“Wangapi?”

“Mmoja.”

Akavua kofia. Nikasema haraka, kabla ujasiri haujaniishia, “Mimi ndiye niliyewafungulia.”

“Najua,” akasema. “Una watoto wawili, binti.” Akanigusa bega akapita.

Laiti angenitukana. Ningelala siku ile.

Jumatatu akapewa barua ya onyo: kukaidi amri halali. Akahamishiwa banda la taka kutenganisha chupa na karatasi, na akapigwa marufuku kusogea karibu na bwawa. Alitenganisha chupa kwa bidii ileile. Kijani huku, nyeupe huku. Tulipompelekea chai tulimkuta anafagia pale ambapo hapajafagiliwa tangu banda lijengwe. Mimi nilisema nitakwenda gazetini, nitakwenda kwa chama cha wafanyakazi, nitachoma moto ofisi. “Kaa kwanza,” alikuwa ananiambia, “chai inapoa.” Nami nakiri hapa kwamba utulivu wake ulikuwa unaniudhi karibu kama barua yenyewe.

Kule bwawani mambo yaliharibika upesi. Wanyama waliokuwa wakilala mbele ya watu sasa walishtuka kwa mlio wa baiskeli. Waliacha saa zao za kuvuka. Walikurupuka wakati wowote, kundi zima, wakipasua nyua za bustani. Tarehe 12 Desemba, jua likizama, walitoka mbio mbele ya gari la mama mmoja wa nyumba namba 60. Akakwepa, akagonga nguzo ya taa, akavunjika kifundo cha mkono. Karpincho wawili aliowagonga walikufa pale pale. Namwonea huruma mama yule. Hakuwa na kosa.

Usiku huohuo kundi la WhatsApp likageuka. “Kwani yule mzee aliyekuwa anawavusha yuko wapi?” “Yule wa kofia.” “Yule babu, anaitwa nani?” Nilionyeshwa jumbe hizo, mia moja na arobaini. Hakuna hata mmoja aliyejua jina. Miaka ishirini na minane alisimama mbele ya magari yao kila jioni, nao wakimpungia mkono. Basi nitawaandikia hapa, kama kuna atakayelisoma jarida la vibarua: anaitwa Eleuterio Ayala. A, ya, la.

Kesho yake mhandisi alishuka mwenyewe hadi banda la taka. Sikuwapo, lakini jikoni kulikuwa na masikio. Alisema kwamba kwa sasa, kwa muda, kwa kuzingatia hali, Ayala anaweza kurudi bwawani. Hakusema samahani. Don Eleuterio akanawa mikono, akachukua kofia.

Nilimkimbilia njiani. “Usikubali hivihivi! Wakuombe radhi kwanza! Wafute ile barua!”

“Wakikaa kikao cha kuomba radhi, jua litakuwa limezama,” akasema, hapunguzi mwendo. “Na wale hawajui habari za barua, binti. Wanataka kuvuka.”

Hawakumfuata siku ile. Wala wiki ile. Walimwona wakabweka, wakazama. Nilimwona mtu yule akilia mara moja tu katika miaka kumi na tisa, na ilikuwa jioni hiyo, amekaa kwenye ukingo, ameshika kibuyu kilichokwisha kupoa. Alianza upya kama mwaka 1996: hatua mia moja kutoka kwao, anakaa, anatazama pembeni. Baada ya siku kumi, hatua themanini. Krismasi aliila palepale, mkate na nyama baridi. Mwaka Mpya, hatua hamsini. Tarehe 31 Januari, jike mwenye sikio lililochanika alitoka majini, akajikung'uta, akalala hatua tatu kutoka kwenye buti zake na kumpa mgongo. Jioni ile wakavuka, kumi na saba. Magari yalisimama kutoka mzunguko wa maua mpaka lango kuu, na hakuna aliyepiga honi.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nizidishe aya mbili. Kanuni za kampuni zinasema mfanyakazi mwenye barua ya onyo katika mwaka wake wa mwisho hapewi ngao ya utumishi uliotukuka. Barua ile bado imo kwenye jalada lake. Niliuliza mara tatu kama itaondolewa. Mara ya kwanza niliambiwa “tunalitazama,” ya pili “si wakati wake,” na ya tatu niliambiwa niandike wasifu wenye furaha. Kwa hiyo Ijumaa, kwenye sherehe, kutakuwa na keki, kutakuwa na hotuba, na mtu aliyekataa kusaliti viumbe waliomwamini ataondoka mikono mitupu kwa kosa la kukataa. Wakati huohuo kampuni imechapisha kijitabu kipya. Jaladani kuna karpincho wanavuka barabara, maneno ni “Los Sauzales: utulivu una anwani.” Tazameni ukingo wa kushoto wa picha. Kiwiko kile kilichokatwa, chenye mkono wa koti la kijani, ni chake.

Mafanikio mengine ya mstaafu ni haya, niliyoagizwa nisiyasahau: alipanda miti mia nne na kumi pembezoni mwa bwawa, aliwafundisha kazi vijana watatu wa bustani, ambao mmoja wao, Mirta Sosa, kwa sasa anawavusha karpincho siku za Jumanne na Alhamisi, bila kukimbia na bila kelele, na mzee mwenyewe hakuwahi kuchelewa isipokuwa siku ya mafuriko ya mwaka 2014, alipofika kwa mtumbwi. Hajawahi kumsema mtu vibaya, na kila nilipomchokoza amseme mhandisi, aliniuliza kama nimekula.

Mwisho, jambo la lango letu. Kwa agizo la uongozi, kila mfanyakazi anapotoka jioni hufungua begi lake mezani na kupekuliwa, isije ikawa ameiba kijiko cha mkazi. Don Eleuterio amefungua begi lake zaidi ya mara elfu saba. Nimelipekua mimi mwenyewe, nikiona kibuyu, gazeti, soksi kavu. Ijumaa hatutalipekua. Tumekubaliana sisi watatu wa zamu, mimi, Fabián Mieres na Graciela Toloza. Meza tutaiondoa barabarani, tutasimama, na lango litakuwa limefunguliwa kabla hajafika. Na uongozi ukitaka kutuandikia barua za onyo, tarehe ya kosa ni 28 Machi, saa kumi na moja jioni, na majina yetu ni hayo.

Don Eleuterio, asante kwa miaka ishirini na tisa. Asante kwa siku ile uliyonigusa bega, ingawa sikustahili. Dada yako kule Corrientes anasema chumba kiko tayari, dirisha linatazama maji, na chipá, zile za unga wa muhogo na jibini, utakula zikiwa za moto. Nenda salama. Ulale mchana, uamke upendapo, na siku zako zilizobaki ziwe njema na nyingi, mzee wetu, na asiwepo wa kukuuliza umepitia mlango gani.